Korongo la Ntahangwa ni la Nani?

Nawasalimu wa Buyenzi, Bwiza, Ngagara na Kinama, na ninyi wa Gatumba mnaotusikia redio ikiwa juu ya kabati, maana mafuriko yamewafundisha kwamba chini si mahali pa kuweka kitu.

Wiki iliyopita, kipindi kilipokwisha, simu ya studio iliita. Alikuwa mama mmoja wa Buyenzi, mtu mzima kwa sauti yake. Nyumba yake, alisema, imeupa mgongo mto Ntahangwa. Nikamwamkia, akaitika marahaba, na baada ya hapo sikupata tena nafasi ya kusema. "Mwanangu, nyinyi wa redio mvua ikinyesha mnakuja kutuhesabia nyumba zilizoanguka. Kiangazi huwa mnakwenda wapi?" Kisha akaleta neno lililoniachia chai ikapoa. Kwa nini, aliuliza, watu wa ng'ambo hii na wale wa Ngagara wasiunde chombo chao, mfano wa komine ndogo, lakini ya korongo tu? Wachange wenyewe, waajiri mtu, wapange mawe, wazibue mitaro. Mambo ya vyeti vya kuzaliwa na ndoa wayaache hukohuko yaliko. Wao washike korongo, basi.

Nilimwahidi kumjibu hewani. Ahadi ni deni, na leo nimekuja kulipa.

Ntahangwa si mto wa kutisha ukiutazama kiangazi. Mtoto anauvuka viatu mkononi. Lakini unashuka kutoka milima ya Mirwa, unaukata mji wetu wa Bujumbura, unapita kati ya Buyenzi na Ngagara na kuingia ziwani. Mvua ikikaa saa moja kule juu, huku chini jua linaweza kuwa bado linawaka, nawe unasikia ngurumo ya mawe kabla hujaona maji. Ukishapita, ukingo umeliwa. Leo choo, mwakani jiko, mwaka wa tatu chumba walichokuwa wanalala watoto.

Sasa sikiliza jambo la ajabu. Mwaka 2014 sheria iliziunganisha komine 13 za mji huu zikawa tatu: Muha, Mukaza na Ntahangwa. Mbili kati yake zilipewa majina ya mito. Na mito yenyewe ikafanywa nini? Mpaka! Ukisimama kwenye daraja la Ntahangwa, mguu mmoja uko komine Mukaza, wa pili uko komine Ntahangwa, na lile lundo la taka lililo chini yako halimo katika daftari la yeyote. Ukienda kulalamika ng'ambo hii, unaambiwa ukuta unaoanguka ni wa upande ule. Ukivuka, unaambiwa maji yanayouangusha yanatoka upande huu.

Kwa hiyo yule mama hakukosea. Kuna kazi ambazo mipaka ya utawala haizifai, na watu duniani kote wamekuwa wakiunda vyombo maalumu kwa ajili yake. Hata sheria zetu za komine zinaruhusu komine mbili au zaidi kuungana kwa kazi moja. Jina lake la Kifaransa ni intercommunalité, refu kama korongo lenyewe. Ila chombo hicho hakiundwi na majirani peke yao. Kinapita kwenye mabaraza mawili ya komine, na kila baraza lina mpango wake wa maendeleo ya jamii, ule wanaouita PCDC. Korongo lisipoandikwa katika mipango yote miwili, usitegemee kwamba FONIC, mfuko wa taifa wa uwekezaji wa komine, utalipa hata fungu la nyaya. Hiyo ndiyo karatasi ya kwanza, mama yangu, na ni mbili.

Lakini sikutaka kuzungumza habari za karatasi tu. Nataka tuulize ni nini kinapaswa kuwa kimefikiriwa kabla chombo hakijapewa jina, muhuri na kiti cha mwenyekiti. Kwetu huwa tunaanza na kiti.

Na sisi wa Buyenzi si wageni wa vyombo maalumu. Mtaa wetu wenyewe ulikuwa chombo maalumu. Wabelgiji walikuwa na sheria ya mwaka 1931, iliyotungwa kwa ajili ya Kongo, ya kuanzisha kile walichokiita centre extra-coutumier, yaani makazi ya Waafrika walio nje ya utawala wa machifu wao. Hapa Usumbura, mji ulivyoitwa wakati huo, makazi hayo yalikuwa Buyenzi na Bwiza, na Bwiza wazee bado wanaikumbuka kwa jina la Belge. Palikuwa na chifu wa makazi, baraza, mahakama na hazina ya peke yake. Baadaye, miaka ya 1950, ikaja ofisi ya kujenga miji ya Waafrika, OCAF, ikajenga Ngagara, na mpaka leo ukimwambia dereva wa teksi akupeleke Okafu hakuulizi mara mbili. Zile avenyu zetu zilizonyooka, zenye nambari badala ya majina, hazikuota zenyewe. Mtu aliketi na rula.

Rula ile ilifanya kazi nzuri, sitaikashifu. Mgeni hapotei Buyenzi. Lakini aliyekuwa na rula hakulala Buyenzi hata usiku mmoja, na hakumwuliza anayelala pale. Mipaka ilichorwa kwanza, watu wakamiminwa ndani baadaye.

Huko California, Marekani, walipitia kinyume cha hayo. Baada ya vita vikuu vya pili, miji ilipopanuka kwa kasi, kila kitongoji kilitaka chombo chake: cha maji, cha zimamoto, cha kuua mbu, mpaka cha makaburi. Vikawa vingi, vikapandana, mkazi mmoja anatozwa na vyombo vitano asivyojua ofisi zake ziko wapi. Mwaka 1963 jimbo likaamua kwamba kila kaunti iwe na tume ya kuchunguza maombi hayo. Anayetaka kuanzisha chombo kipya, au kupanua cha zamani, anapeleka mpango wa huduma. Aeleze ni huduma gani anataka kutoa na kwa kiwango gani. Aeleze itaanza kumfikia mkazi lini. Aeleze ni mabomba gani, barabara gani au mitaro gani itabidi ijengwe au iongezwe. Na aeleze fedha zitatoka wapi. Niliposoma hayo nilicheka, maana ndiyo maswali bibi yangu alikuwa akimwuliza kijana aliyekuja kuposa. Hakuwahi kuuliza kama anampenda.

Basi tumpose Ntahangwa kwa maswali hayo.

Huduma gani? Hapa yule mama alisema korongo, na nadhani anajua anachokitaka, lakini majirani zake je? Nilipita Jumamosi baada ya kazi za jamii nikauliza watu kadhaa pale ukingoni. Mmoja alitaka ukuta wa mawe. Mwingine alitaka taka ziondolewe. Kijana wa gereji alitaka daraja la miguu ili wateja wa ng'ambo wamfikie bila kuzunguka. Mzee mmoja alitaka taa. Chombo cha ukuta si chombo cha taka. Ukuta unajengwa mara moja na kutunzwa miaka mingi. Taka zinazolewa kila wiki na haziishi. Ukivichanganya bila kupanga, fedha za ukuta zitaliwa na mafuta ya lori la taka, kwa kuwa taka hunuka leo na ukuta huanguka kesho.

Tumeona mfano wa chombo kimoja kubebeshwa kazi nyingi. Wenye umri wangu wanaikumbuka SETEMU, idara ya ufundi ya mji, iliyokuwa na taka, mitaro, na yale mabwawa ya kusafishia maji machafu kule Buterere. Baadaye uzoaji wa taka majumbani ukagawiwa makampuni na mashirika madogo, kila mmoja na mitaa yake. Mimi kwetu nililipa miezi minne kwa kijana mwenye kitabu cha risiti, kitabu kizuri chenye kaboni, na gari sikuliona hata mara moja. Mwezi wa tano nikamwuliza gari liko wapi. Akaniambia yeye ni wa risiti, gari lina mtu wake.

Mpaka uishie wapi? Hapa ndipo ningependa tukae kidogo, kwa sababu hapa ndipo mipango mingi hufa.

Yule mama alisema ng'ambo hii na ng'ambo ile. Mita hamsini huku, mita hamsini kule, wenye kuta zinazoanguka. Hawa ndio wanaoumia. Lakini maji yanayowaumiza hayazaliwi pale. Piga hesabu nami: mvua ya milimita 50 ikinyesha juu ya paa la mita 100 za mraba, paa hilo linamwaga lita 5,000. Hayo ni mapipa 25 ya lita 200, kutoka nyumba moja, kwa mvua moja. Sasa inua macho utazame vilima vilivyo juu ya mji, uhesabu mabati mapya yanayong'aa mahali palipokuwa na migomba na miti. Ongeza barabara za lami na za mawe zinazoelekeza maji yake kwenye genge bila ngazi ya kuyapunguzia kasi. Kila paa linamwagia korongo, na mwenye paa hata sauti ya korongo haisikii akilala.

Tusisahau usiku wa tarehe 9 Februari 2014. Maji yalishuka kutoka milimani yakavamia Kamenge, Kinama na Buterere, watu zaidi ya 60 wakafa, maelfu wakabaki bila makazi. Waliokufa walikuwa bondeni, ila mafuriko yalianzia mlimani.

Kwa hiyo mpaka wa chombo hiki, kama kweli ni cha maji, lazima upande mlima. Na hapa kuna habari moja ambayo sikuisikia ikizungumzwa sana. Zamani vilima vya Isare vilikuwa mkoa mwingine, Bujumbura vijijini, nasi tukiwa Meri ya mji. Kiongozi wa huku alihitaji kumwandikia gavana wa kule. Sheria ya mwaka 2023 ilipunguza mikoa kutoka 18 hadi 5 na komine kutoka 119 hadi 42, na baada ya uchaguzi wa Juni 2025 utaratibu huo ukaanza kazi. Sasa Mukaza, Ntahangwa na Isare zote zimo katika mkoa mmoja wa Bujumbura. Watu wamelalamikia umbali wa ofisi mpya, na wana haki yao. Lakini kwa mto huu, sasa chanzo na mdomo viko chini ya gavana mmoja. Kama kuna wakati wa kupeleka ombi la chombo cha bonde zima, ni huu.

Je, watu wa Isare watakubali kuingia? Jiweke mahali pao. Mkulima wa kule unamwambia achimbe makinga maji shambani, aache kipande cha ardhi chenye mteremko mkali kiote nyasi, ili ukuta wa gereji Buyenzi usianguke. Atakuuliza anapata nini. Ni swali la haki kabisa, na mpango usiokuwa na jibu lake hauna haja ya kupigwa chapa. Labda jibu ni kwamba sehemu ya michango ya bondeni ipande mlimani kulipa miche na vibarua. Najua mtaani wataniambia nimerogwa: tulipe sisi tunaobomokewa, fedha ziende kwa wenye mashamba? Ndiyo, hivyo hasa. Jiwe unaloliweka mlimani ni dogo, unaweza kulibeba mkononi. Ukilisubiri huku chini utahitaji kreni.

Sasa fedha. Buyenzi yetu mnaijua: parseli moja, mlango mmoja barabarani, ndani kaya sita au nane. Atalipa nani? Ukimtoza mwenye parseli, atapandisha kodi ya nyumba kesho yake. Ukimtoza kila mpangaji, atakwambia nyumba si yake, ikianguka yeye anahamia Kinama. Wapo wanaosema mchango uwekwe kwenye bili ya maji ya Regideso; lakini kaya nane zinazochota bomba moja zitaonekana ni mteja mmoja. Nyumba kumi wetu, wale viongozi wa mtaani, wanajua nani anaishi wapi kuliko kompyuta yoyote, ila nyumba kumi akigeuzwa mtoza fedha, hatopewa tena habari za mtaa.

Kuna mlipaji mmoja anasahaulika, naye anapita mbele yetu kila siku na lori. Mchanga na mawe ya kujengea mji huu vinachotwa mtoni. Vijana wanaochota wanapata chakula chao pale, siwezi kuwatukana, na marufuku zimetolewa mara nyingi bila kuwapa kazi nyingine. Lakini ukichimba chini ya ukingo unauangusha ukingo. Mpango wenye akili ungeonyesha ni wapi mchanga unaruhusiwa kuchotwa, pale unapojirundika na kuziba mkondo, na ni wapi ni mwiko. Kisha kila lori lilipe kwa safari, mbele ya kizuizi chenye mtu anayehesabu na mtu wa pili anayemhesabu anayehesabu. Hapo huenda ukapata zaidi ya unachokipata kwa kugonga milango ya wajane.

Na baada ya kujenga? Ujenzi huwa una mfadhili. Sehemu kadhaa za Ntahangwa zimeimarishwa kwa msaada wa Umoja wa Mataifa, yale makapu ya nyaya yaliyojazwa mawe mmeyaona. Siku ya uzinduzi kunakuwa na hema, viti na soda. Mwaka wa nne waya umeshika kutu, jiwe moja limechomoka, na jiwe hilo moja likichomoka mengine hayakai. Ni kazi ya mtu mmoja na koleo kwa siku moja, kama mtu huyo yupo na analipwa.

Kijijini kwetu upande wa ujombani kulikuwa na bomba la kilima, chini ya regi, yaani idara ya maji ya komine. Kila kaya ilitakiwa kutoa mchango mara moja kwa mwaka, mdogo sana, hata mlevi angeweza kuutoa. Watu walilipa mwaka wa kwanza kwa furaha. Mwaka wa pili nusu. Mwaka wa tatu koki ikavunjika, kamati ikafungua kisanduku, haikuwa na bei ya koki. Hakuna aliyeiba, nilichunguza kwa kuwa mweka hazina alikuwa mjomba wangu. Ni kwamba mchango ulipangwa kwa kuangalia watu wanaweza kutoa kiasi gani, na hakuna aliyeuliza koki inauzwa ngapi na inadumu miaka mingapi. Watu wakarudi mtoni na ndoo zao, bomba likabaki pale kama kaburi la mtu mashuhuri.

Hata soko letu kuu, lililoungua tarehe 27 Januari 2013, lilikuwa na kampuni ya kulisimamia, vibanda vyenye nambari na ushuru. Utozaji ulikuwa umepangwa barabara. Moto ulipozuka Jumapili ile asubuhi, magari ya zimamoto hayakutosha, mpaka Rwanda ikaleta helikopta. Wafanyabiashara waliolipa kibanda miaka yote walisimama barabarani wakiangalia juu.

Niongeze swali moja ambalo Wakalifornia hawakuliweka mbele kama ninavyoliweka mimi: chombo kitakufa lini? Mwezi Februari 2020 kaunti ya Nairobi ilikabidhi baadhi ya kazi zake kwa serikali kuu, kikaundwa chombo cha huduma za jiji chini ya jenerali mmoja wa jeshi. Mwaka 2022 muda wake ukaisha, kazi zikarudi kwa kaunti. Wapo wanaokisifu, wapo wanaokilaumu, sina ugomvi na yeyote. Nakipenda kwa kitu kimoja, kwamba kilizaliwa na tarehe ya kumalizika. Chombo cha korongo kipewe miaka, tuseme kumi, kisha mabaraza na wakazi waulizwe upya. La sivyo ukuta utakwisha na ofisi ya ukuta itabaki, ina katibu, ina gari.

Juzi nilimpigia yule mama nimsomee haya kabla ya kuja hewani, asije akanishitukia. Alisikiliza kimya. Nilipofika kwenye Isare alisema, "Hm." Nilipofika kwenye malori alisema, "Hapo sawa." Kisha akaniambia wameshaanza. Binti yake amepita avenyu yao na daftari la shule, ameandika kila parseli ya ukingoni, kaya zilizomo, na ni hatua ngapi kutoka ukuta wa nyuma hadi genge. Nyumba moja ni hatua tatu. Upande wa Ngagara kuna mwalimu mstaafu anafanya hivyohivyo, na wamekubaliana wakutane Jumamosi, kazi za jamii zikiisha, waweke madaftari pamoja.

Nikamwuliza nije saa ngapi na kinasa sauti.

"Subiri kwanza mwanangu," akasema, "bado tunabishana mkutano ufanyike ng'ambo gani."